Mlinzi wa Waraka C

Joash Wafula alikuwa soja, yaani mlinzi, wa geti moja mtaa wa matajiri wa Lavington, na kama hujawahi kusimamia geti la Lavington, tafadhali usijigambe kwamba unajua kuuliza maswali. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiuliza yaleyale manne: wewe ni nani, umetoka wapi, umekuja kwa nani, na hiyo umebeba ni nini. Aliwauliza mafundi wa mabomba, akawauliza wachungaji wa kanisa. Siku moja alimuuliza shemeji ya mwenye nyumba, naye akakasirika akarudi kwao na keki yake.

Basi Mwalimu Kitonga aliposimama mbele ya darasa akasema kwamba katika Historia waraka hauaminiwi hivihivi, waraka huhojiwa, Joash nusura ainuke apige saluti.

"Muulize waraka," Kitonga alisema akitembea huku na huku. "Nani ameandika? Lini? Alikuwa wapi? Anataka nini kwako?"

"Mwalimu, hiyo ni kazi yangu," Joash akasema kwa sauti, na darasa zima likacheka. Alikuwa hatanii hata kidogo.

Lilikuwa darasa la watu wazima, watu wanaotafuta cheti cha kidato cha nne ambacho maisha yaliwapiga chenga wakakikosa. Walikutana kila Jumamosi mchana katikati ya mji, ghorofa ya nne, juu ya duka la vitambaa. Lifti ilikufa zamani na hakuna aliyekumbuka mazishi yake. Joash alipanda ngazi hizo akiwa na miaka arobaini na nane na goti moja linalolia kama mlango usiotiwa mafuta. Alikuwa ameacha shule kidato cha tatu huko Kimilili, karo ilipokwisha na baba akaugua, yote katika muhula mmoja. Akaja Nairobi kufanya vibarua vya miezi miwili mitatu. Hiyo miezi mpaka leo haijaisha.

Kilichomfufulia hamu ya shule si elimu, tusidanganyane. Ni kijana mmoja anayeitwa Lenox. Joash ndiye aliyemfunza Lenox kazi, akamwonyesha hata namna ya kufunga tai ya yunifomu. Sasa Lenox alikuwa msimamizi, anazunguka mageti kwa pikipiki ya kampuni yao ya ulinzi na kusema, "Mzee, simama vizuri, hapa si kwa matanga." Lenox alikuwa na cheti. Sasa kampuni ilitangaza nafasi nyingine ya usimamizi ya kujazwa mwakani, na tangazo likasema wazi: asiye na cheti cha kidato cha nne asijisumbue. Joash alilikunja tangazo hilo, akalipeleka nyumbani, akamsomea mkewe.

Mkewe, Naliaka, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Haya, si usome? Ama unangoja Lenox akufundishe kupumua?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Joash akajiandikisha. Hisabati ilimtoa jasho, Kemia ikamtoa machozi, lakini alijikokota nayo yote. Kilichobaki kumsumbua ni insha ya nyaraka katika Historia. Hapo unapewa vipande vinne vya maandishi ya zamani, A mpaka D, unavichambua, halafu unaandika insha ya kusema ukweli ulikuwa upi.

Insha yake ya kwanza aliiandika jinsi alivyozoea kuandika kitabu cha matukio getini. "Waraka A alifika akiwa hana tarehe. Nilimzuia. Waraka B alisema anatoka kwa Gavana lakini hakuwa na mhuri. Nilimwambia asubiri. Hakuna jambo lingine la kuripoti." Kitonga alimpa alama tisa kwa arobaini na kumwandikia chini kwa wino mwekundu kwamba Historia si geti.

Tatizo ni kwamba Mwalimu Kitonga hakukubali kusajili kila mtu. Yeyote aliyetaka jina lake liende kwenye mtihani wa taifa kupitia chuo kile alipaswa kwanza kufaulu majaribio ya ndani. Kila somo na Jumamosi yake. Joash alikuwa amevuka yote, mengine kwa kutambaa. Ilibaki Historia, na Historia yenyewe ilikuwa insha moja tu. Ishirini kwa arobaini unasajiliwa. Kumi na tisa, rudi mwakani. Na kabla hajakipata cheti, nafasi ya usimamizi ingekuwa imeshamezwa na kijana mwingine mwenye cheti na pikipiki.

Safari hii Kitonga alikuwa na nyaraka zake mwenyewe, na jamani alizisifia! Alikuwa ameshinda Jumatatu kadhaa akifukua mafaili makuukuu, mpaka akapata kesi moja ya mwaka 1922, ya ghala la reli lililoungua katika kituo kidogo ambacho hakipo tena. Alikuwa anaandika hata kijitabu juu yake. Kichwa cha kijitabu kilikuwa tayari: *Mlinzi Aliyelala*. Kwa furaha ya ugunduzi wake alishindwa kufunga mdomo, na wiki moja kabla ya jaribio akalidokezea darasa.

"Sitawaambia swali," alisema. "Lakini kuna mlinzi humo. Huyo mtu ni chanzo dhaifu kabisa. Atakayemwamini atakuwa amelala kama yeye."

Quincy, kijana wa kuuza simu ambaye Kiingereza chake kilipitia puani, aliyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari mara mbili. Joash naye aliyaandika. Alipoandika "mlinzi" na "amelala" kwenye mstari mmoja aliona kama anajishtaki mwenyewe, lakini aliandika. Alikuwa anataka kufaulu.

Jumamosi ya jaribio ikafika. Karatasi yote ilikuwa ya Kiingereza, kama ilivyo desturi ya mitihani yetu: ukitaka kuulizwa habari za babu yako, sharti uulizwe kwa lugha ya mwajiri wake. Swali lenyewe: *Kwa kutumia nyaraka A mpaka D, eleza ni nani alisababisha moto, na ni ushahidi wa nani unaoaminika.*

Joash akavaa miwani, akaanza kuwahoji mmoja mmoja.

Waraka A ulikuwa taarifa ya reli. Ulisema moto ulionekana mchana, *half past two*, na magunia mia tatu ya pamba yakateketea. Huyu alikuwa mgeni mwenye adabu, ana tarehe, ana mhuri. Joash akampitisha.

Waraka B ulikuwa barua ya stesheni masta, mkuu wa kituo, mzungu. Alisema alikagua ghala mwenyewe, akatoka *at two o'clock*, akafunga mlango, kila kitu kikiwa shwari. Joash akampitisha pia, ila hakumpenda. Watu wanaosema kila kitu kilikuwa shwari ndio wanaotoka na televisheni ya mwenye nyumba.

Waraka C ulikuwa maneno ya mlinzi, yaliyosemwa kortini na kugeuzwa Kiingereza na mkalimani. Hata jina hakupewa, aliandikwa *watchman* tu. Alisema: bwana alitoka ghalani *at eight o'clock*, kiko chake cha tumbaku kikitoka moshi mdomoni. Jua lilikuwa kali juu ya kichwa changu. Muda mfupi baadaye nikaona moshi ghalani, nikapiga kelele.

Waraka D ulikuwa hukumu. Hakimu alisema stesheni masta alitoka *at two o'clock*, naye mlinzi anadai *eight o'clock*. Mmoja anasema kweli na mwingine anadanganya, na haikumchukua muda kuamua yupi ni yupi. Mlinzi alilala, moto ukashika, akatunga hadithi. Miezi sita, kazi ngumu.

Joash alisoma Waraka C mara mbili. Kisha akausoma tena, kwa sababu kulikuwa na kitu pale ambacho kilikuwa kinakataa kupita.

Jua.

Hebu mtu akwambie kuhusu jua, lakini mtu huyo awe soja. Wewe wa ofisini huwezi kujua. Asubuhi *eight o'clock* jua la Joash lilikuwa bado linagombana na mikaratusi ya jirani, kivuli cha kibanda chake kimelala mpaka katikati ya barabara, na yeye mwenyewe amevaa sweta. Hakuna soja duniani aliyechomwa utosi saa hizo. Jua la kukaa kichwani lina saa zake. Ni saa sita, ni saa saba, ni saa...

Aliweka kalamu chini.

Ni saa nane.

"Uwi!" akasema kwa sauti, na Kitonga akamkazia macho kutoka mezani.

Huyo mlinzi wa 1922, Kiingereza angekitoa wapi? Hakusema *eight o'clock* hata siku moja. Alisema saa nane! Mkalimani, ama kwa haraka ama kwa ujinga, akachukua nane akaweka *eight*, akaendelea na chai yake. Na saa nane ya mchana ni saa ngapi kwa kizungu? Ni *two o'clock*. Saa ileile ya stesheni masta! Watu wawili walisimama kortini wakasema kitu kimoja, mmoja akarudi nyumbani kwake kula, mwingine akafungwa miezi sita.

Joash aliyajua haya kwa uchungu wake mwenyewe. Wiki yake ya kwanza kazini, gari la takataka lilikuja saa nane mchana, naye akaandika kitabuni 0800. Jioni mkubwa wake alitaka kumfukuza kwa madai kwamba hakuwepo getini, kwa kuwa gari lenyewe saa hiyo ya asubuhi lilikuwa bado gereji. Tangu siku hiyo, kila saa aliyoisikia kwa sikio aliigeuza kichwani kabla ya kuiandika kwa mkono. Alikuwa ameigeuza mara elfu ngapi. Wenzake wa darasani waliposoma Kiingereza walifikiri Kiingereza, basi, hawakuwa na sababu ya kugeuza chochote. Mwalimu mwenyewe pia.

Sasa ona shida yake. Mwalimu alishasema mlinzi ni chanzo dhaifu. Ukiandika anavyotaka, unapita. Quincy alikuwa anaandika kama cherehani. Mbele yake Nadira, karani wa duka la vitambaa pale chini, alikuwa ameshageuza ukurasa wa pili. Na Joash alikuwa na tangazo la kampuni, goti, na Lenox wa pikipiki. Mtu aliyekufa zamani angemsaidia nini? Angemlipia karo?

Alianza sentensi: *The watchman is a weak source.* Akaiangalia. Ilikuwa Kiingereza safi, pengine safi kuliko yote aliyowahi kuandika. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Ah, hapana bwana," akajiambia, akaikata.

Akaandika upya, kwa kile Kiingereza chake cha kitabu cha matukio, kifupi na kigumu. Aliandika kwamba mlinzi hakulala. Akaeleza habari za nane na *eight*, akachora saa mbili pembeni, ya Kiswahili na ya kizungu, na mshale katikati. Akaandika kwamba aliyestahili kuhojiwa ni kiko. Akasalimisha karatasi, akashuka ghorofa zote nne, akijua kwamba amejichimbia kaburi kwa mikono yake miwili.

Jumamosi iliyofuata Kitonga aliingia na bahasha ya karatasi zilizosahihishwa na orodha ya usajili, ambayo alikuwa anaipeleka jioni ileile. Alikuwa na tabia ya kusoma alama kwa sauti, mtu apende asipende.

"Quincy, thelathini na tatu. Kijana ana kichwa huyu! Nadira, ishirini na saba. Joash..." Akatikisa kichwa, akaishika karatasi kwa vidole viwili kama soksi ya mtu mwingine. "Joash, kumi na mbili."

Joash alitarajia. Hata hivyo ilimchoma moyoni kwa namna ambayo hakuitarajia.

"Nilisema wazi," Kitonga akaendelea. "Nikawatafunia, imebaki kumeza tu. Lakini huyu mzee, kwa sababu ni soja, ameamua kumtetea soja mwenzake! Hii ni Historia ama ni chama cha wafanyakazi?"

Darasa likacheka. Joash akasimama, goti likalia.

"Mwalimu, huyo mtu alisema saa nane."

"Alisema *eight o'clock*. Soma!"

"Iliandikwa *eight o'clock*. Yeye alisema saa nane."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mwalimu. Lakini jua lilikuwepo. Ni yeye mwenyewe amesema lilikuwa kwa kichwa."

Nadira, ambaye watu wake ni wa Mombasa na ambaye hakuwa mtu wa kubishana na walimu, akageuka kitini. "Lakini, mwalimu, si kweli anavyosema? Saa nane kwa Kizungu si ndiyo *two*?"

"Nyinyi watu!" Kitonga alipandisha sauti, kwa sababu mtu aliyefukua mafaili Jumatatu zote zile, na kijitabu chake kiko njiani kwenda kwa mpiga chapa, hataki kusikia habari za jua. "Karatasi ni ya Kiingereza! Waraka ni wa Kiingereza! Hakimu mzima, amesomea sheria Ulaya, hakujua saa, wewe wa geti ndio unajua? Njia ya mwongo ni fupi, Joash, na yule mlinzi yake iliishia jela. Sitaki kubishana hapa. Kama una maneno, Jumatatu uje ofisini kwangu saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili! Usichelewe!"

Na huku akifoka hivyo, mkono wake ulikuwa unaandika kwa wino mwekundu juu ya insha ya Joash, ili kusiwe na visingizio. Akamsukumia karatasi.

Joash akaisoma. Akavaa miwani akaisoma tena.

"Mwalimu," alisema polepole, "umesema nije saa mbili."

"Ndiyo!"

"Na hapa umeandika *eight*."

Kitonga akainama. Akaangalia karatasi. Ni kweli, pale palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, wino haujakauka: *See me, Monday, 8.00 a.m.*

"Sasa mimi niamini nini?" Joash akauliza, bila dharau hata chembe, kwa sauti ileile ya getini. "Mdomo ama mkono? Kwa sababu kwa hesabu ya huyo hakimu wako, mmoja hapa anadanganya."

We! Darasa lililipuka. Mtu mmoja nyuma alipiga dawati mpaka chaki ikaanguka ubaoni. Nadira alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtetemeka. Hata Quincy alicheka, kisha akakumbuka alama zake thelathini na tatu, akanyamaza ghafla.

Kitonga hakucheka. Aliitazama saa yake ya mkononi, akaanza kuhesabu vidole kwa siri chini ya meza, mtu mzima mwenye digrii. Alihesabu kwenda, akahesabu kurudi. Kisha akavuta kiti akakaa, akausoma Waraka C upya.

"Saa nane," akasema mwishowe, kama mtu anayejisemea. "Kiko mdomoni, saa nane. Moto, saa nane na nusu. Woi." Akashika kichwa. "Na nimeshachagua mpaka rangi ya jalada."

Usije ukasema Kitonga alikuwa mtu mbaya. Wako wengi ambao wangerarua karatasi ile na kuendelea na somo, na hakuna ambaye angewauliza. Yeye alichukua kalamu nyekundu, akaikata ile kumi na mbili, akaandika thelathini na nne. Kisha akavuta orodha ya usajili na chini kabisa, kwa herufi kubwa, akaandika *WAFULA, JOASH.*

"Umepita," alisema. "Keti."

Joash hakuketi. Alikuwa anataka kuketi. Alikuwa anataka kushuka zile ngazi mbio ampigie Naliaka simu. Lakini alikuwa anaangalia mwongozo wa kusahihishia uliokuwa mezani. Pale, kwa taipu safi, hoja ya kwanza ilisema: *Mlinzi alidanganya. Alama kumi.*

"Na yeye?" akauliza.

"Yeye nani?"

"Huyo mlinzi. Mimi umenirekebishia. Yeye bado anaitwa mwongo hapo."

"Joash, huyo mtu amekufa. Miaka mia moja imepita."

"Hata kama, mwalimu. Alimaliza hiyo miezi sita."

Kitonga alimtazama, akautazama mwongozo wake, akakata yale maneno mawili kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika: *Mlinzi alisema kweli.* Akamwonyesha Joash kwa kuugeuza, jinsi mtu anavyoonyesha kitambulisho.

Joash akauchunguza, akaurudisha.

"Weka sahihi," alisema. "Ukikata kitu lazima uweke sahihi. Na tarehe."

Kitonga akaweka sahihi, akaweka tarehe. Saa hakuandika.